Mke wangu anataka gari la umeme, wenzangu wanaliita gari la kike

Washauri wa safu ya magari, salamu.

Mimi ni mume na baba wa watoto wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 11. Tangu tuoane, gari la nyumbani nimelihudumia mimi. Oili namwaga na kujaza mwenyewe, plagi nabadilisha, pedi za breki nafunga, hata taiming belti nimewahi kufunga. Jumamosi asubuhi boneti huwa wazi, kijana wangu ananishikia tochi na kunipa spana, na majirani huja kuuliza magari yao yana nini. Kusema kweli, napenda kuulizwa.

Sasa mke wangu anataka tuuze gari letu la petroli tununue la umeme lililotumika, lenye betri ya kWh 40, yaani uniti 40 za umeme. Yeye ndiye anayeendesha zaidi, karibu kilomita 60 kwa siku, na hesabu ya mafuta ameipiga kwenye daftari. Tulikwenda yadi kuliangalia. Kila alipouliza kuhusu afya ya betri, muuzaji alinijibu mimi, na mimi sikujua hata wanazungumza nini. Nikawa natikisa kichwa tu.

Wenzangu wa gereji wamelicheka. Wanasema ni gari la kike: halina mlio, halina gia, halina cha kushika. Mmoja ameniambia nikikubali nitakuwa abiria kwenye nyumba yangu. Najua ni utani, lakini umenikaa rohoni. Nimeanza kumtafutia mke wangu sababu za kukataa: betri itakufa, likiingia kwenye maji litapiga shoti, safari ndefu halitafika. Anazijibu moja moja.

Naomba mnijibu. Je, kuna sababu ya kweli ya kulikataa? Tukilinunua, fundi wa nyumbani kama mimi anabaki na kazi gani? Nimeona video za watu wakifungua betri uani na kubadilisha seli. Naweza kujifunza hivyo? Na umeme wa nyumbani kwetu, volti 230, unatosha kulichaji?

Baba wa Wawili

*

Ndugu Baba wa Wawili,

Tuanze na betri ya uani, maana katika yote uliyoandika hilo ndilo linaloweza kukuua. Betri kubwa ya gari kama hilo ina takriban volti 350 hadi 400, na yapo magari mapya yanayofika 800. Umeme huo hauishi kwa kuzima gari. Seli zina chaji muda wote, na spana ikidondoka katikati ya vichwa viwili vya betri, chuma kinayeyuka na kurusha moto kabla hujavuta mkono. Fundi aliyesomea kazi hiyo hutenganisha kwanza betri ndogo ya volti 12, huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, husubiri kama dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uzungushe mota) uishe, kisha hupima kwa mita ya kiwango cha usalama cha CAT III volti 1,000 hadi aone kilichobaki ni chini ya volti 60. Huvaa glavu za mpira za daraja 0, zinazohimili volti 1,000, na juu yake glavu za ngozi ili zile za mpira zisitobolewe. Kabla ya kuzivaa huzijaza hewa kutafuta tundu. Na baada ya yote hayo, ile plagi imekata njia ya umeme tu; ndani ya boksi seli bado ziko hai. Kwa hiyo hapana, usijifunze kwa video. Waya wowote wa rangi ya chungwa, ambayo ndiyo rangi ya waya wa volti kubwa, na kifaa chochote ambacho waya huo unaingia, si kazi ya nyumbani. Ukitaka kuvuka mpaka huo, nenda ukasomee darasani, kwenye gari la mafunzo na mbele ya mwalimu.

Upande wa huku wa mpaka huo kuna kazi nyingi kuliko wenzako wanavyodhani, na nyingi ni zile ambazo mikono yako imeshazizoea.

Kubwa kuliko zote ni breki. Ukiachia pedeli ya mwendo, mota hugeuka jenereta na kulipunguza gari mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri, kwa hiyo pedi hazifanyi kazi sana. Watu husikia hivyo wakadhani breki za gari la umeme hazihitaji kuguswa. Ni kinyume. Pedi isiyotumika haisuguliki, lakini diski inashika kutu, na pini ambazo kaliper (kifaa kinachobana pedi) hutelezea hukauka na kuganda. Siku dereva anapokanyaga kwa dharura, upande mmoja unashika na mwingine unachelewa, gari linavuta pembeni. Kila mwaka fungua magurudumu, toa pini, zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki (grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa kuzifunika), kisha hakikisha kaliper inateleza kwa mkono. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, basi yabadilishe kila baada ya miaka 2. Kumbuka tu kwamba magari mengi ya umeme yana breki zinazosaidiwa na kompyuta, na kutoa hewa kwenye mfumo kunaweza kudai skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Soma kitabu cha gari lenyewe kabla hujalegeza nati ya kwanza.

Matairi yanafuata. Gari la umeme huwa zito kuliko mwenzake wa petroli kwa kilo mia kadhaa, na mota inatoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, kwa hiyo matairi huisha haraka. Yahamishe nafasi kila kilomita 10,000 hivi, na ukinunua mapya linganisha namba ya uzito iliyo ubavuni mwa tairi na ile inayotakiwa na gari. Namba ikiwa ndogo, tairi halikufai hata kama limeingia kwenye rimu vizuri. Ukiinua gari, jeki ikae kwenye sehemu zilizoonyeshwa kitabuni tu. Tumbo lote la katikati ni boksi la betri, na ukilibonyeza kwa jeki ya gereji unaweza kuharibu kifaa chenye thamani kuliko vyote ndani ya gari.

Halafu ile betri ndogo ya volti 12. Hii huwashangaza wengi: gari lenye chaji asilimia 70 linakataa kuwaka, milango haifunguki, kioo cha dashibodi ni cheusi, na mtu anaapa betri kubwa imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni hiki kidogo, kwa sababu ndicho kinachoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kuu kutoka. Gari likiwa limelala kwa saa kadhaa, pima: volti 12.6 ni nzuri, chini ya 12.2 ichajiwe na ifuatiliwe. Gari likiwa tayari kuondoka, pale pale usome kati ya 13.5 na 14.5 hivi, usipopata hivyo, kifaa kinachoichaji kutoka betri kubwa kina tatizo. Majirani wakija kuomba kuwashiwa gari la petroli kwa waya kutoka kwenye gari lenu, kataa kwa upole. Kifaa hicho hakikutengenezwa kulisha stata, na kinaweza kuungua.

Sehemu ambayo fundi mzoefu hukosea zaidi ni vimiminika, kwa sababu vinafanana na vile anavyovijua. Kuna magari ambayo kulanti ya betri (kimiminika cha kuipoza) ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme kirahisi. Ukiongeza ile ya kawaida umeharibu kinga. Kompresa ya AC (kiyoyozi) nayo inazungushwa na umeme wa volti kubwa, na oili yake ni ya aina ya POE. Fundi wa AC akijaza oili ya PAG, ile ya magari ya petroli, umeme huanza kuvuja kupitia oili hiyo, kompyuta inagundua, na gari linakataa kabisa kuwaka. Mashine yake ya kujazia gesi ikiwa na mabaki ya PAG kwenye mipira, hayo nayo yanaweza kuleta shida. Kwa hiyo kabla hujampa mtu gari hilo arekebishe AC, muulize anatumia oili gani. Akishangaa swali, umepata jibu.

Bushi, shokapu, beringi za magurudumu, viungo vya usukani, filta ya hewa ya ndani: hivyo vyote vipo na vinakusubiri. Tena sikio lako litakuwa na kazi zaidi. Kwenye gari lisilo na injini, beringi inayoanza kuvuma husikika mapema sana, kwa sababu hakuna kelele ya kuifunika.

Sasa tuje kwenye hilo neno la wenzako, maana tunaona ndilo lililokufanya uandike.

Kuliita gari la umeme la kike ni jambo la zamani, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa, wa kwanza kufanya hivyo kwa gari, na gari lake lilikuwa la umeme. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari ya umeme mengi kuliko ya petroli. Wakati huo la petroli liliwashwa kwa kuzungusha hendeli, ambayo injini ikirudi nyuma iliweza kumvunja mtu mkono. Watengenezaji wa magari ya umeme wakaona soko: wakawatangazia wanawake wa mijini wenye uwezo gari safi, kimya, lisilo na hendeli. Clara Ford, mke wa Henry Ford yule wa gari la petroli la Model T, mwenyewe aliendesha gari la umeme la Detroit Electric. Matangazo yaliuza, lakini yalibandika jina ambalo wanaume walilikimbia. Kisha kwenye magari yake ya 1912 Cadillac ikaweka stata ya umeme iliyotokana na kazi ya Charles Kettering, na hofu ya hendeli ikaisha. Kilicholifungulia gari la petroli mlango wa kila nyumba ni mota ya umeme na betri, zile zile unazozisikia kila asubuhi ukigeuza ufunguo. Hakuna jinsia ndani ya injini wala ndani ya mota. Kuna watu waliotaka kuuza.

Na huyo aliyekuambia utakuwa abiria, mwambie habari za Bertha Benz. Agosti 1888 alichukua gari la petroli la mumewe Karl bila kumuaga, akiwa na wanawe wawili, akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, safari ndefu ya kwanza ya gari la injini. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia. Breki zilipoisha alimwendea fundi viatu akapigiliwa ngozi. Fundi wa kwanza wa gari la petroli njiani alikuwa mke wa mtu. Ukitaka mfano wa karibu, mashindano ya Extreme E yaliyoanza 2021 yalikuwa ya magari ya umeme kwenye mchanga na mawe, na kila timu ilitakiwa kuwa na mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wanapokezana usukani wa gari lile lile.

Kuhusu mlio, hatutakudanganya kwamba hutaukosa. Mtu aliyezoea kuitambua injini kwa sikio anapoteza kitu, na ni haki kukisikitikia. Viwanda vinalijua hilo: Hyundai imeuza gari la umeme, Ioniq 5 N, linaloiga mlio wa injini na mshtuko wa kubadilisha gia ambazo halina. Lakini kupenda mlio si sababu ya kumzuia anayeendesha kilomita 60 kila siku.

Sababu za kweli za kulikataa gari hilo zipo, nazo ziko ndani ya betri na kwenye ramani ya safari zenu. Tupige hesabu. Tuseme afya ya betri, yaani uwezo uliobaki ukilinganishwa na ilipokuwa mpya, ni asilimia 88. Kati ya kWh 40 mmebaki na 35 hivi. Kwa mwendo wa mjini gari la ukubwa huo hula karibu kWh 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 60 za mkeo ni kWh 9. Anarudi nyumbani na chaji nyingi. Barabara kuu ni kitu kingine: kwa kilomita 100 hadi 110 kwa saa, ulaji hupanda hadi 18 au 20. Na safarini hutatumia betri yote, maana juu ya asilimia 80 chaji ya haraka hupungua sana kasi, na chini ya 10 hutaki kufika. Asilimia 70 ya kWh 35 ni 24 na ushee, sawa na kilomita 120 hadi 135 kati ya kituo na kituo. Kama kila mwezi mnasafiri kilomita 400 kwa siku moja kwenye njia isiyo na vituo, mke wako naye atakubali kwamba gari hilo si lenu. Kama safari hiyo ni mara moja kwa mwaka, kodini gari jingine siku hiyo.

Angalieni pia kama betri ina mfumo wa kupozwa kwa kimiminika. Isiyo nao huchakaa upesi kwenye joto, hasa ikichajiwa haraka mara kwa mara. Na tundu la chaji ya haraka lifanane na vituo mnavyovitumia, iwe CCS2, CHAdeMO au GB/T. Magari mengi yaliyotumika husafirishwa kutoka soko moja kwenda jingine, na tundu lisilofanana na vituo vya huko mliko linawafungia nyumbani. Maji tusiyarefushe: boksi la betri limezibwa, na umeme ukianza kuvuja kompyuta hugundua, huonya au hukata. Maji ya kina kirefu yaogopeni kama mnavyoyaogopa na la petroli. Gari lililozama lisichajiwe kabla halijakaguliwa.

Umeme wa nyumbani unatosha, ila waya ndio unaohitaji akili. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 hutoa kW 2.3, kwa hiyo kWh 9 za siku, pamoja na zinazopotea njiani, zinarudi kwa saa 4 hadi 5. Usiku mmoja unabaki na nafasi tele. Tatizo ni kwamba soketi nyingi hazikutengenezwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi mfululizo. Baada ya nusu saa ya kuchaji gusa plagi: uvuguvugu ni kawaida, ikikuchoma acha. Waya wa kurefushia uliozungushwa kwenye kigurudumu chake usitumike kabisa, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Mkiweza, mwiteni fundi umeme aweke laini ya peke yake kutoka kwenye ubao mkuu: waya wa shaba wa milimita mraba 6 kama njia si ndefu, breka ya ampea 40, chaja ya ukutani ya ampea 32 ambayo hutoa kW 7.4. Mwambie waziwazi kwamba kinga ya umeme unaovuja iwe ya aina B, au aina A kama chaja yenyewe ina kipimo cha kukata kwenye miliampea 6 za umeme wa DC, ule wa mkondo mmoja kama wa betri. Ile ya aina AC (hapa si kiyoyozi, ni jina la aina ya kinga) inayofungwa majumbani inaweza kupofushwa na uvujaji wa DC, na siku ya hatari isikate. Na apime ethi kwa kifaa, asikisie.

Jambo moja kwenye barua yako limetugusa. Kijana wako anashika tochi, anatoa spana. Binti yako umemtaja umri tu. Ana miaka 14, anatosha kabisa kujifunza kupima volti za betri ndogo, kusoma namba za tairi na kuandika tarehe ya mafuta ya breki. Waite wote wawili. Kazi hizi hazina kitu kizito ambacho jeki na bomba refu la spana haviwezi kukimudu, na atakapokuwa na gari lake hakuna muuzaji atakayempita akamjibu mtu mwingine.

Mke wako hilo limeshampata, tena mbele yako. Mkirudi yadi, mwambie muuzaji sentensi moja: mnunuzi ni huyu, mjibu yeye. Kisha rudi hatua moja nyuma na ukae kimya, hata kama muuzaji anakutazama. Nendeni na skana ndogo ya OBD, ile inayochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari, na programu inayosoma betri ya gari la aina hiyo, mkeo aishike. Asome asilimia ya afya, na tofauti ya volti kati ya seli iliyo juu na iliyo chini. Milivolti 10 hadi 30 gari likiwa limetulia haitishi. Chaji ikiwa chini ya asilimia 20 na gari linakanyagwa, seli moja ikianguka kwa zaidi ya milivolti 100 chini ya wenzake, hiyo ni seli inayokufa. Msiiamini asilimia ya afya peke yake, kwa magari mengine inaweza kufutwa na kuanzishwa upya ili isomeke juu. Njia ya kuithibitisha ni kulichaji kutoka 20 hadi 80 na kusoma kWh zilizoingia: kwa betri yenye 35, asilimia 60 ni 21, na kwa chaja ya kawaida mita itaonyesha 23 au 24 kwa sababu ya zinazopotea. Ikionyesha 18, afya ya 88 ni ya kuandikwa tu.

Wewe wakati huo lala chini ya gari na tochi. Tafuta alama za kugonga kwenye boksi la betri, kutu kwenye diski, boti za eksel (mipira ya kuzifunika) zilizopasuka. Muuzaji akikataa skana au akikataa kulichaji mbele yenu, ondokeni.

Washauri wa safu